Gari la Pili

Miaka ishirini na miwili nilikuwa sauti ya stesheni ya Lubumbashi.
Likasi, Tenke, Bukama, Kamina:
niliyatamka kama majina ya wanangu,
na wenye magunia ya unga walianza kukimbia
kabla sijamaliza.

Kisha koo. Kisha kisu.
Sauti ikabaki kwenye beseni la hospitali,
nami nikapewa kitundu hapa, chini ya kidevu,
cha kuvutia pumzi.
Tangu siku ile sinusi kitu. Sombe inaungua jikoni
nami nimekaa palepale, nasoma gazeti.
Kibawa hunishonea vitambaa vya kitenge vya kukifunika,
kwa sababu ya vumbi letu jekundu la kiangazi,
na huchagua rangi kana kwamba naenda harusini.

Sigara niliacha. Niseme wazi: niliacha.
Lutuku pia, ingawa hiyo iliniaga polepole.
Mwaka wa tano tulichinja mbuzi, hapa Katuba;
majirani wakala, wakanywa, wakaimba kwa niaba yangu.

Mwaka wa saba bukari likaanza kukwama.
Tonge dogo, la mtoto, likasimama kifuani
likakataa kushuka.

Dokta Umba alitazama picha, kisha akanitazama mimi.
Nikaandika kwenye daftari: Umerudi?
"Haukurudi," akasema. "Ule wa koo tuliumaliza.
Huu ni mwingine. Umezaliwa wenyewe, kwenye umio.
Hauna undugu na ule,
ila ulinyonya moshi uleule."

Nilicheka. Kicheko changu hakina mlio, ni upepo tu shingoni,
dokta akadhani nakohoa.
Maana haya nayajua, ndiyo iliyokuwa kazi yangu:
gari lililosimama Tenke jioni
si lazima liwe lile lililopita Likasi asubuhi.
Lina kichwa chake, lina dereva wake.
Reli ndiyo moja.
Na reli yangu mimi, mdomo, koo, umio, mapafu,
niliipitishia moshi yote,
miaka thelathini, pakiti kwa siku,
bila kuruka stesheni hata moja.

Majirani wanasema mara mbili si bure, kuna mkono wa mtu.
Mkono upo. Huu hapa, una kidole cha manjano
ambacho sabuni haijakitakasa mpaka leo.

Kibawa aliuliza kwa nini haukuonekana mapema.
Aliuliza kwa upole; hapo ndipo paliponiuma.
Karatasi za kurudi kupimwa, mwaka hata mwaka,
nilizilaza chini ya godoro.
Nauli, niliandika.
Haikuwa nauli.
Mimi niliyewatangazia watu wote
niliogopa kutangaziwa.

Jumatatu tunavuka Kasumbalesa kufuata mionzi.
Kwa basi, naona aibu kidogo.
Mjukuu wangu Kapya amekunja daftari langu kama bomba,
anaitangaza safari uani, abiria wake ni kuku watatu:
Kasumbalesa, Kabwe, Ndola, Lusaka!
Nagonga bati la mlango, anageuka.
Namwonyesha kwa vidole:
Ndola kwanza.