Haibebi Abiria

Niliinunua Manyoni kwa mtu mwenye haraka ya kuhama,
milioni moja na laki mbili, na jogoo juu yake
kwa sababu nilipungukiwa elfu kumi na tano.
"Haina tatizo," alisema.
Moshi wa bluu ukamkanusha
kabla hajamaliza kuhesabu noti.

Ilifika Kizota juu ya lori la alizeti,
imefungwa kamba kama beberu wa mnada wa Msalato.
Mtaa ukatoka kuangalia.
Inabeba magunia mangapi?
Haibebi.
Abiria je, mmoja, au mishikaki?
Haibebi abiria.
Mbeleje wa mkaa akaizunguka mara mbili akitafuta keria,
akanitazama kama mtu aliyenunua
ng'ombe wa kuchorwa.

Usiku nikaivua taa, vioo, honi,
kila kitu kilichojua adabu za barabara.
Vuta, bana, waka, tema:
mipigo minne, nikaisikiliza mmoja mmoja
kama anayehesabu pumzi za mgonjwa.
Pistoni ilikuwa na mikwaruzo. Nyingine ikaja na basi la usiku
ndani ya boksi la viatu.
Jeti ya kabureta niliipanua kwa sindano za cherehani,
nikavunja mbili. Nyemo akaziandika daftarini:
sindano namba kumi na nne, mbili, mume.
Sproketi ya nyuma nikaiongeza meno matatu,
mbio zipungue, hasira izidi.
Shokapu zilikuwa laini kama uji wa mgonjwa;
nikatia mafuta mazito, nikazibana springi
kwa vipande vya bomba la maji.
Kiti nikakikata kwa msumeno
mpaka kikabaki na nafasi ya makalio mamoja.

Bado ilikohoa kila penye mwinuko.
Wiki nzima nilibadilisha plagi, nikalaumu petroli,
nikamlaani mtu wa Manyoni pamoja na jogoo wangu.
Nyemo alikuwa anashona sare za shule,
hakuinua hata kichwa.
"Inagonga juu, siyo chini.
Kama sindano inayogusa bobini."
Nikafungua juu.
Vali moja ilikuwa imelegea kwa unene wa unywele.
Sikusema neno. Nilitoka, nikarudi na zabibu kilo mbili,
akala zote mwenyewe.

Jumapili, korongo la Nala.
Mchanga mwekundu, mbigiri, khanga kuukuu kwenye mti wa bendera.
Tulikuwa kumi na mmoja.
Kwenye tuta la kwanza ardhi iliniachia,
na kwa muda wa kupepesa jicho
sikudaiwa kodi ya nyumba, wala ada ya shule,
wala maelezo.
Kisha magoti yakakumbuka uzito wangu.
Mzunguko wa tatu nilikuwa wa nne.
Nilisikia jina langu; labda halikuwa langu, sijui,
vumbi lilikuwa limejaa mpaka masikioni.
Mzunguko wa tano cheni ikakatika,
ikanichapa ugoko,
nikabaki nahesabu migongo.

Niliisukuma kuelekea lami.
Mama mmoja alitoka shamba na debe la karanga kichwani,
akaenda sambamba nami hatua kama mia
bila kuniuliza nimeshika namba ngapi.
Halafu akalitua debe juu ya kile kiti cha msumeno,
akalishika kwa mkono mmoja.
"Haya, twende."
Nilitaka kumwambia. Nikanyamaza.
Tukatembea, debe likicheza kila penye jiwe,
shokapu zangu zikilipokea
taratibu, kama mtoto aliyelala.

Njia panda akanichotea konzi mbili.
Usiku ule Nyemo aliziandika
chini ya zile sindano, upande wa mapato,
akaniuliza kesho naelekea wapi.