Arobaini

Siku ya kwanza Somoe aliuliza
kwa nini baada ya thelathini haiji arobaini na tano.
Baba akaacha kufagia,
akajibu kama mtu aliyeulizwa habari za dini:
"Arobaini inatosha. Hata mwizi hapewi zaidi."

Uwanja ule wa Shangani ulikuwa wa wakubwa wa bandari.
Wakubwa walihama, saruji ikapasuka,
Baba akabaki na ufagio na ufunguo
wa kufuli isiyofunga kitu.
Wavu ulipooza alishona mwingine
kwa magunia ya korosho ya msimu uliopita.
Mpira ukigonga pale juu
vumbi lilitoka, tukapiga chafya, tukaanza upya.

Mimi ndiye niliyekuwa bora. Acha niseme.
Nilikuwa na mkono wa kushoto na miguu mirefu;
yeye hakuchoka kuokota mipira, basi.
Alipofika miaka kumi na minne alinishinda, sita kwa nne,
nikasingizia kiatu.
Mwaka uliofuata sikusingizia kitu.

Sasa napima magunia ghalani.
Najua kilo kwa macho,
najua daraja la pili likijificha ndani ya la kwanza.
Yeye ni wa mia nane na kumi na mbili duniani.
Watu wa Chuno huniuliza: mbona hajajenga?
Nawapigia hesabu:
nauli, chumba, nyuzi za raketi zinazokatika kila wiki;
akishinda mechi mbili amerudisha nauli,
akishinda tatu anakula nyama.
Wanacheka. Wanadhani nawaficha.

Baba alikufa wiki ya mnada wa pili.
Somoe alikuwa angani.
Alipotua na kuwasha simu
tulikuwa tumeshanawa udongo mikononi.
"Nirudi?" akauliza.
Mama akaninyang'anya simu:
"Urudie nini leo? Kaburi halikimbii. Njoo arobaini."

Arobaini hakuja.
Alikuwa Tunisia, robo fainali,
ya kwanza maishani mwake.

Majamvi yametandikwa, ubani unafuka,
walimu wanasoma hitma,
sufuria la pilau lina makaa juu ya mfuniko,
na mimi nimechuchumaa nyuma ya jiko, simu ndani ya kanzu.
Picha hakuna. Ni namba tu,
na kitone cha kijani cha kuonyesha nani anaanzisha.
Seti moja kwa moja.
Tano kwa sita.
Thelathini kwa arobaini.
Arobaini kwa arobaini.
Ndani wanaitikia amina.

Shangazi Esha akanifuma.
Nilidhani atanisema mbele za watu.
"Ngapi?"
"Arobaini kwa arobaini."
"Moja ya kaka yangu," akasema, "na ya pili ya nani?"
Sikuwa na jibu, naye hakulingoja,
akachutama kando yangu, kanga puani kwa moshi.
Faida yake, ikarudi.
Faida ya yule Mcheki, ikarudi.
Mara saba,
kama mtu anayetafuta ufunguo
katika mfuko ule ule.

Kisha pilau ikapakuliwa,
nikainuka kupokea sinia.
Niliporudi kutazama, kitone hakikuwepo.
Saba kwa tano, ya mwenzake.

Alipiga usiku. Hakulia, au alikuwa amemaliza.
Aliuliza nani alisoma dua,
aliuliza kama pilau ilitosha,
halafu akauliza kuhusu wavu.
"Mchwa wamekula upande wa mkanju."
"Ushone. Nakuja Januari, siku tatu.
Kuna namna mpya ya kuanzisha, nataka nikuonyeshe."

Leo nimetoka ghalani na magunia mawili yaliyotoboka.
Sindano ni ile ya Baba, imepinda kidogo,
imezoea kidole chake, changu inakidunga.
Uzi sikununua.
Chini ya kitanda chake kulikuwa na mfuko mzima
wa nyuzi za raketi zilizokatika,
njano, nyeusi, nyingine sijui rangi gani tena.
Ni ngumu. Hazikubali fundo.
Nazifunga mara mbili.