Doti Moja

Duka la tatu hili, Mtaa wa Biashara,
na bado sijapata leso ya mamangu.
Muuzaji, kijana mwenye penseli sikioni,
anazikunjua juu ya meza, rangi juu ya rangi.
"Hii ina jina zuri. Soma."
Nasoma: "Mama ni taa ya nyumba."
Nasema, lete nyingine.
"Malkia wa moyo wangu ni mama."
Lete nyingine, yakhe.

Kosa si lake. Hamjui Mwanamkuu wa Bondeni.
Mamangu hakuwa taa.
Taa yetu ilikuwa koroboi,
na mafuta yake aliyapima kwa kizibo cha soda.
Wala hakuwa malkia. Malkia gani
husimama saa tisa za usiku kwenye foleni ya maji,
madumu matano yake, la sita la Mama Nyevu
aliyekuwa na mtoto mchanga na miguu imevimba?

Mkono wake wa kulia una alama saba
za mafuta ya mahamri.
Nilizihesabu nikiwa darasa la pili.
Ile iliyo karibu na kiwiko ni yangu:
niliita "Mama!" nikijikwaa kizingitini,
naye akageuka kabla hajautoa mkono karaini.
Hajanikumbusha hata siku moja.
Mimi ndiye niionaye, kila anaponimiminia chai
na mkono wa dera ukapanda.

Alikuwa na uongo wake pia.
"Nisomee, mwanangu, mato yangu hayaoni."
Nikamsomea: pakiti ya unga, risiti ya stima,
gazeti lililofungiwa dagaa,
majina ya leso zake zote,
hata lile la mafumbo alilojifunga
siku aliyogombana na wifi yake.
Nikikosea, alinyamaza,
akakanda unga, akakanda,
mpaka nilirudie neno, nilipate.
Nami nikajiona bingwa: nasoma,
na mama hajui.

Mwaka jana, tulipohamisha kabati, daftari likaanguka.
"Nyevu, mahamri kumi, asilipe, ana msiba."
"Karo ya Mbarak, imebaki mia nne. Niuze cherehani?"
Mwandiko ulionyooka, herufi zimekaa
kama shanga uzini. Mwandiko wake.
Tarehe ni za mwaka ule ule wa pakiti za unga.
Nikalirudisha pale pale.
Ningesema nini?

"Na hii je?" Kijana amechoka nami.
Zambarau na nyeupe, pindo la korosho.
"Ahsante ni ndogo, ipokee hivyo hivyo."
"Funga," nasema.

Nyumbani anaifungua mapajani,
anaipapasa, ananusa wanga wake mpya.
Kisha, kama zamani:
"Nisomee, mwanangu."
"Leo nisomee wewe, mama."

Ananitazama.
Nje, muuza maji anapita na mkokoteni, anagonga dumu.
Anapita mpaka mlio unakwisha kwenye kona.
Ndipo kidole chake kinalifuata jina,
na sauti, polepole,
bila kukwama hata pahali pamoja,
inasoma.

Hatukusema zaidi ya hapo.
"Makasi yako wapi?" akauliza.
Akaikata doti katikati,
akakikunja kipande kimoja, akakilaza mikononi mwangu.
"Hiki mpelekee Mama Nyevu.
Nilipolazwa Makadara, siku kumi na moja,
wewe ulinyonya kwake."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.
"Na umsomee jina, Mbarak.
Yeye kweli hajui."