Mkojo wa Diwani

Diwani, katika Isevya yote hii,
mtaro upo, jalala lipo,
mchanga wa fundi Kasanda umerundikwa nje bure,
ukachagua kochi langu la mninga,
ukachagua upande wa kulia, anapokalishwa mgeni,
na ukachagua usiku wa Alhamisi,
treni ya washenga ikiwa imeshatoka Kigoma.

Nilianza kama wanavyoanza wote: kwa aibu.
Nikachemsha maji, nikamwaga, nikasugua
kama ninayesugua sufuria ya makande.
Doa likatanuka, likawa na mipaka yake kama kata.
Nikaleta jiki. Kitambaa cha buluu kikapauka,
na harufu, badala ya kukimbia, ikaita wenzake.
Nikachoma udi.
Sebule sasa ikanuka paka
anayekwenda harusini.

Alfajiri Bi Tausi akaja kuazima kinu.
Hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni, pua ikamsimulia,
akatoa ubeti, maana yeye hata deni hudai kwa vina:

    Usisugue, kamua, kitambaa kigandame,
    moto harufu hukua, ya baridi uyapime,
    siki ukiinunua, maji nusu yaandame,
    kisha waachia jua, lifanye yake, ukome.

"Ila," akaongeza, sasa bila vina,
kinu kikiwa kwapani,
"hilo doa la juu ni salamu tu. Mwenyewe yuko kwenye sponji."

Nikafungua zipu.
Sponji la manjano lilikuwa limejaa ramani,
mpya juu ya kuukuu, kahawia juu ya kahawia,
nikajua hukuanza jana, Diwani.
Ulianza Machi, Nyanzala alipofungasha kwenda chuo,
akasahau khanga yake hapa, upande huuhuu,
na wewe ukailalia siku tisa
mpaka nilipoichukua nikaifua.
Niliifua kwa sabuni ya unga, mara mbili.
Niliona nafanya usafi.

Basi nikakamua.
Nikakanyaga sponji kwenye karai kwa visigino,
maji yakatoka rangi ya chai ya msibani.
Siki, maji, nikakanyaga tena.
Nikanyunyiza magadi, nikasubiri, nikakung'uta,
nikainama kunusa kama mnunuzi wa asali
asiyemwamini muuzaji.
Bado.
Nikarudia.
Watoto wa jirani wamepanga mstari kwenye ua wa matete
wakimtazama mama mzima anayenusa godoro.

Saa moja treni haikufika. Saa tatu, haikufika.
Wakasema imekwama Kaliua,
na mimi, ambaye nimeitukana reli ile tangu usichana,
nikaiombea dua ikae hukohuko.
Jua la Oktoba likapanda juu ya Tabora
bila wingu, bila huruma, likafanya yake.

Saa nane wakaingia, vumbi mpaka kwenye kope.
Nilikuwa nimetandika vile vitambaa vyangu vya kufuma,
ua kubwa juu ya pale palipopauka.
Mshenga mkuu, Bwana Ntibaziko, akaketi kulia.
Akavuta pumzi.
Akavuta nyingine.
"Mama, hapa kwako pana siki?"
"Achari," nikasema. "Tumetengeneza achari ya maembe mabichi."
Akacheka, akaomba aonjeshwe,
ikabidi Bi Tausi akimbie dukani kwa mlango wa nyuma.

Wakaongea ng'ombe, wakaongea tarehe.
Wewe ukaingia katikati ya hesabu,
ukaruka juu, ukanusa lile ua la kufuma,
ukanusa pembeni, ukanusa tena.
Hukuta kitu. Ukaniangalia
kama aliyekuta nyumba yao imehamishwa.

Usiku, wageni wamelala,
nimetoa khanga yake nyingine, hii sijaifua,
nimeitandika upande wa kulia.
Lala hapo. Mimi nitakaa hapa, taa imezimwa,
hakuna anayetuona.
Lakini tuelewane, Diwani.
Ukimkumbuka, lia. Una mdomo, una sauti,
paa zima la bati ni lako.
Kochi bado lina marejesho manne.