Jibu kwa Chibago, Aliyeuliza Anunue Ipi

Kaa hapo kwenye kreti ya soda, Chibago,
na pesa yako irudishe mfukoni kwanza.
Zote mbili hazina kioo ndani.
Kioo kiko kwa Sechelela, saluni ya jirani:
wateja hujitazama kule mpaka waridhike,
kisha huzunguka ukuta kuja kwangu
kuonyeshwa ambacho kioo kiliwaficha.

Hii nyeusi, ishike. Kwa mikono miwili.
Kilo ya sukari, na nyongeza ya muuzaji mkarimu.
Hii inakula giza.
Ukumbi wa Area C, saa tatu usiku, umeme umekatika,
jenereta linakohoa, MC anabembeleza watu,
bibi harusi anamulikwa na simu ya shangazi tu,
nikapiga,
na kila ushanga wa shela ukahesabika.
Nenda nayo Hombolo alfajiri, bwawani:
inalikamata jicho la mnandi kabla hajaamua kuruka,
inamfuata, haimwachii,
kama watu wa kausha damu.
Mahafali ya chuo, siku moja tu ya jua,
ilinilipia kodi ya miezi minne.
Sitaisema vibaya. Imenivisha.

Lakini niliipeleka Mvumi kwa bibi.
Alipoiona lenzi, ndefu kama mchi wa kinu,
aliingia ndani, akabadili kanga,
akarudi na uso wa kitambulisho.
Picha arobaini. Zote kali, zote safi,
kila kunyanzi mahali pake,
na bibi hayumo.

Sasa hii ndogo, ya kijivu, yenye plasta kwenye kona
(niliidondosha stesheni, usiniulize).
Betri yake hukata kama mshahara.
Usiku inaleta chenga, utadhani
mtu kamwaga unga wa uwele juu ya picha.
Ndege? Itakupa tawi.
Tawi zuri sana. Ndege keshaondoka.
Ila haina kishindo.
Niliishika usawa wa kiuno pale soko la Majengo,
na muuza karanga akaendelea kugombana na mizani yake.
Msibani kwa mzee Ndahani ilipiga mara tatu
na hakuna kilio kilichokatika.
Bibi alipoiona mkononi mwangu
alisema mjini nimeshindwa kazi, sasa napiga picha kwa sabuni,
akacheka.
Yale meno yake matatu.
Hiyo ndiyo tuliyoitanguliza mbele ya jeneza, mwezi wa tisa.
Haikuwa kali. Sikio lilikuwa na ukungu.
Hakuna aliyelitazama sikio.

Watu wanahesabu pikseli kama ng'ombe wa mahari.
Mimi nitakuambia lisiloandikwa kwenye boksi:
upepo wa Julai wa Dodoma hauogopi bei.
Usibadili lenzi nje. Ingia ndani, funga dirisha, bana pumzi.
Vumbi la hapa likishakaa kwenye sensa
utaliona katika kila anga utakalopiga,
doa lilelile, palepale,
hata anga la mji mwingine.

Kwa hiyo harusi, ndege, mahafali, wakubwa na tai zao:
nyeusi. Milioni mbili na nusu,
nusu leo, nusu zabibu zenu zikishavunwa.
Ya kijivu nilitaka kukuuzia pia,
hata bei nilishaiandika, ile pale, kwenye kikaratasi.
Tangu uingie naifuta kwa pindo la shati
na imeshakuwa safi mno,
sijui namfutia nani.

Umesikia? Sechelela kagonga ukuta.
Mteja keshasuka, keshajipenda, anazunguka kuja.
Usiondoke.
Kaa hapohapo kwenye kreti
utazame mkono wangu unaenda wapi.