Sifuri Nazo Ziandikwe

Niliambiwa: andika hata usipoona.
Basi. Jumatatu, Tondooni, saa tatu, jua la utosi,
ndizi zimechachuka mtegoni, nzi tele, siafu,
kipepeo hakuna.
Naandika sifuri, naizungusha polepole
kama mtu anayefunga kifungo.

Huyu tunayemtafuta ni wa Pemba.
Mwenzake wa Unguja ana utepe mpana wa manjano;
wa kwetu ni mwembamba, uzi wa kofia ya viua.
Bahari iliyo kati yao kwa meli ni usingizi mmoja.
Kwa mbawa za vidole viwili
haijavukwa.

Masika huwa na macho:
sita chini ya kila bawa, duara la dhahabu, mboni nyeusi,
ndege anasita, nami nasita.
Kiangazi macho yanafumba.
Linabaki bawa la kahawia, mshipa mmoja katikati,
jani la mkungu lililoanguka,
akitua chini umempoteza.
Zamani walidhani ni wawili,
wakawapa majina mawili, visanduku viwili.
Kumbe mama na mwana.

"Anajuaje avae lipi?" aliniuliza Bikombo, binti yangu.
Kiwavi huonja nyasi, nikamwambia. Zikianza kukakamaa
habari imemfika.
"Na mimi nilizaliwa lini?"
Wakati wa mchoo, karafuu tunazianua mbio mbio.
Akainua mkono, akakagua kwapa,
akitafuta macho.

Ramani yangu ina nukta saba Ngezi,
mbili Msitu Mkuu, moja Makangale, ukingoni mwa mipira.
Kojani ni peupe.
Mgeni akiitazama atasema: huko hayupo.
Hapana, bwana. Huko sijaenda, nauli haikutoka.
Sifuri na tupu si ndugu:
sifuri nimesimama hapo, nimenuka ndizi mbovu,
nimeumwa na mbu, nimengoja.

Jana mvua ya vuli iligusa tu, haikulowesha.
Mtegoni, mmoja.
Nikambana mbawa kwa vidole, taratibu, nikahesabu:
matano yamefumba,
la sita limefumbuka nusu, kama mtoto
anayejifanya amelala.
Daftari lina safu mbili, Masika na Kiangazi.
Nilikaa na kalamu mpaka vumbi la mbawa
likanikaukia kidoleni,
kisha nikamwandika juu ya mstari.