Sekunde Kumi na Moja

Chuo hakikunipa maelezo marefu. Mstari mmoja tu:
programu ya barua pepe, ile ya Perl,
iandikwe upya kwa lugha wanayoijua vijana.
Anayeielewa ya zamani amebaki mmoja,
na huyo mmoja, Heldur Pärnamägi,
amestaafu, hulima viazi nje ya Võru,
simu hashiki.

Ghorofa ya tatu, Tartu, Februari.
Mto Emajõgi umeganda, watu wanaukata kwa miguu
kana kwamba haujawahi kuwa maji.
Kipasha joto kinakohoa chini ya dirisha.
Mbele yangu mistari elfu kumi na tisa
ya mtu nisiyemjua sura.

Perl ya Heldur ni mwandiko wa daktari:
dola, nukta, mkwaju, mabano yamelaliana,
na katikati ya vurugu hiyo, ghafla, jambo linakaa sawa
hata natabasamu peke yangu.
Naihamisha kazi moja moja. Kufungua kisanduku.
Kupanga kwa tarehe. Kuilinda õ isigeuke alama ya kuuliza.
Hapo alihangaika, maskini. Ameacha maneno pembeni:
"Mama yangu anaitwa Õie. Mashine isimwite ?ie."
Python inalijua jina la mama yako bila kufundishwa, Heldur.
Nafuta mistari mia mbili na arobaini kwa pigo moja,
kisha naenda kutafuta kahawa, mkono mzito.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni nimekuja; mwenyeji anapungua kila jioni.

Juzi, kwenye faili la kutuma, nikakuta usingizi.
Mtu akibonyeza Tuma, programu inalala
sekunde kumi na moja.
Haihesabu, haikagui, haitafuti njia.
Inasimama mlangoni na barua mkononi, basi.
Juu yake: "Usiondoe. Muulize Raivo."

Raivo gani? Triinu, mkuu wetu, hamjui.
Orodha ya wafanyakazi haina Raivo, ya sasa wala ya kale.
Kaspar, aliyezaliwa mwaka programu ilipoanza, akacheka:
hilo kosa, dada, toa, watu wana haraka.
Nikatoa.
Barua zikaruka kama cheche.
Vipimo vyote kijani. Nikavaa koti.

Usingizi ukaenda kwa Heldur, kwangu haukuja.
Nikafungua kumbukumbu za seva ya kwanza,
zile zilizonakiliwa toka tepu na hakuna azisomaye.
Novemba, tarehe tatu, saa nane na dakika kumi usiku:
barua moja, toka kwa Heldur Pärnamägi,
kwenda kwa Raivo Pärnamägi.
Ilisema nini, haipo, na ingekuwepo nisingeigusa.
Sekunde kumi na moja baadaye, amri ya kuifuta foleni.
Jibu la mashine: foleni iko tupu.
Amri ileile tena. Foleni iko tupu.
Tena. Mara sita.
Na alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufika kazini,
badiliko dogo kwenye faili la kutuma.

Tangu usiku ule, miaka yote hiyo,
wanafunzi, wahasibu, maprofesa wenye hasira,
walipewa mwanya ambao yeye hakuupata,
wakadhani mtandao una polepole.

Asubuhi nimeurudisha. Kwa Python ni mstari mmoja,
safi, hauna hata dola.
Kaspar amenitazama, sikumjibu.
Maneno ya juu nimeyahamisha yalivyo,
pamoja na Raivo.

Halafu nimemwandikia Heldur, anwani ya zamani,
sijui kama huifungua:
kwamba Õie yuko salama,
kwamba kuna kitu chako nimekiacha.
Nimebonyeza Tuma.
Nne. Tano.
Nje, mtu na mbwa wake wanavuka mto,
mbwa anasita, ananusa barafu.
Tisa.
Kumi.